Pumzi inakata dakika ya pili, kisha stepu zinapotea: nifanyeje?

Swali: Mimi ni msichana wa miaka 23, nacheza kwenye kundi la dansi la watu wanane, Temeke. Shoo yetu ni ya dakika nne, sehemu kubwa singeli. Mazoezini sikosei. Jukwaani naanza vizuri, ila ikifika dakika ya pili pumzi inakata, miguu inatetemeka, halafu nasahau stepu ambazo hata ukiniamsha usiku wa manane nazicheza. Wenzangu wanasema ni woga. Mama anasema nimeangaliwa kwa jicho baya. Tuna shindano baada ya wiki sita. Nifanyeje?

Jibu: Maneno yenye uzito kuliko yote kwenye swali lako ni "dakika ya pili". Woga wa jukwaa peke yake hausubiri muda huo. Hupanda kabla hujaitwa, hufika juu kabisa sekunde za mwanzo, kisha kwa watu wengi hushuka kadiri mwili unavyoingia kwenye mdundo. Wewe kinyume chake: unaanza vizuri, halafu unaporomoka. Kwa hiyo naona kinachotangulia ni pumzi, woga unakuja nyuma yake, na kusahau stepu kunakuja mwisho kabisa. Ukianza kutibu kusahau, au ukiambiwa "jiamini tu", unashika mkia.

Tuanze na pumzi. Misuli ina akiba ya nguvu iliyo tayari, na hiyo inaisha ndani ya sekunde kama 10 za kazi kali. Inayofuata ni njia ya kuvunja sukari bila kusubiri oksijeni. Ni ya haraka, lakini ndiyo inayokuja na misuli kuwaka na miguu kuwa mizito. Njia ya tatu ni ya oksijeni, ambayo inachelewa kushika kasi ila ndiyo inayodumu. Kazi ya kujituma mpaka mwisho inayochukua sekunde 75 hivi inagawana nusu kwa nusu kati ya oksijeni na zile njia mbili za haraka. Kazi kama hiyo ikienda dakika nne, oksijeni inabeba karibu sehemu nne kwa tano za mzigo. Maana yake shoo yenu, kwa upande wa mwili, ni ndugu wa mbio za mita 1500. Wimbo wa midundo 200 kwa dakika unakupa midundo 800 ndani ya dakika nne, na singeli nyingi zinakwenda kasi kuliko hapo.

Sasa angalia adrenalini, homoni inayouamsha mwili ukiwa na hofu au msisimko, inafanya nini. Kabla MC hajamaliza kuwatambulisha, moyo wako tayari unakwenda mbio. Muziki ukifunguliwa, watu wakipiga kelele, stepu ileile unaicheza kubwa kuliko mazoezini: unaruka juu zaidi, mikono inapigwa kwa nguvu zaidi, kiuno kinakwenda kasi zaidi. Hujui kwamba umeongeza, kwa sababu adrenalini inaficha uchovu kwa muda. Deni linadaiwa baada ya dakika moja na kitu. Mwanariadha wetu Filbert Bayi aliongoza mita 1500 tangu mwanzo kule Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, lakini mwili wake ulikuwa umeandaliwa kwa kasi ile. Wako umeandaliwa kwa kasi ya mazoezini.

Pumzi ikishakata, akili nayo inaingia. Moyo unaodunda na kifua kinachobana ni dalili zilezile ambazo ubongo huzisoma kama hatari. Basi unaanza kujiangalia: mguu uko wapi, kinachofuata ni nini, wameniona? Hapo ndipo stepu zinapotea. Tutarudi huko.

Kabla ya kubadilisha chochote, jipime wiki hii, kwa siku mbili tofauti. Siku ya kwanza cheza shoo nzima kwa nguvu zote, na nguo na viatu vya shoo, bila kusimama hata ukikosea. Ukimaliza tu, weka vidole viwili pembeni ya koromeo, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Pumzika dakika moja, cheza tena yote, mtu arekodi. Siku ya pili, ukiwa umepumzika vizuri, icheze mara moja tu mbele ya watu kumi ambao si wa kundi lenu. Ukiporomoka kwenye raundi ya pili ya siku ya kwanza, palepale unapoporomokea jukwaani, tatizo kubwa ni stamina. Ukivuka raundi ile salama lakini ukavurugika mbele ya watu kumi, tatizo kubwa ni umakini. Nadhani utakuta vyote viwili, stamina ikiwa imezidi.

Kuhusu mapigo: kiwango cha juu hukadiriwa kwa 208 kutoa asilimia 70 ya umri, kwa hiyo wewe ni kama 192. Kama mazoezi yenu ya kawaida yanaisha ukiwa kwenye 140 au 150, basi shoo hujawahi kuifanyia mazoezi, umefanyia mazoezi mpangilio wake tu. Makundi mengi yako hivyo. Saa mbili za mazoezi ukizipima, nyingi ni kusimama, kuelekezwa, kurudia nane moja (kipande cha hesabu nane), kucheka, kufuta jasho.

Wiki ya kwanza na ya pili, kimbia taratibu siku tatu, dakika 25 hadi 30, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika. Watu wanadharau mwendo huu kwa sababu haumi, wanaongeza kasi, wanachoka, wiki ya pili wanaacha. Siku moja zaidi fanya vipande vya dakika moja kwa nguvu na dakika moja ya kutembea, mara 6 hadi 8. Wiki ya tatu na ya nne bakisha mbio moja ya taratibu, na siku mbili fanya vipande vya dakika tatu, mara nne, ukitembea dakika mbili hadi tatu katikati. Humo uwe unaweza kutoa maneno matatu au manne tu kwa pumzi moja. Wiki ya tano kipimo ni shoo yenyewe: mara tatu kwa nguvu zote, mapumziko ya dakika nne katikati, siku nyingine mapumziko yawe ya dakika mbili. Wiki ya sita punguza wingi wa mazoezi karibu nusu lakini usipunguze nguvu. Kosa la makundi yetu ni kukesha siku tatu za mwisho "kuisafisha shoo" na kupanda jukwaani na miguu iliyokwisha.

Kama barabara ya mtaani kwenu si salama asubuhi, kamba au ngazi zinatosha. Ila kamba kwenye saruji kila siku inaumiza ugoko. Maumivu yaliyosambaa ambayo yanapoa ukishapasha mwili moto unaweza kuyapunguzia mzigo na kuendelea. Maumivu ya nukta moja kwenye mfupa, yanayouma hata ukibonyeza kwa kidole, simamisha kuruka na uende ukaonwe. Kwa miguu inayotetemeka ongeza kuinuka kwa vidole ukiwa umesimama mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi, mara 12 hadi 15, seti tatu, siku mbili kwa wiki.

Jambo moja msilolisemea kwenye makundi: kwa msichana anayeishiwa pumzi, upungufu wa damu ni wa kuangaliwa mapema, hasa kama siku zako ni nzito au unajinyima kula ili uonekane mwembamba jukwaani. Kipimo cha hemoglobini ni cha haraka. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita inahesabika upungufu. Kikohozi au mlio kifuani dakika chache baada ya kucheza kinaweza kuwa pumu. Na kuzimia au kifua kuuma katikati ya kucheza si jambo la kusubiri shindano lipite.

Sasa shoo yenyewe. Muulize mwalimu wenu kama miruko mikubwa yote imepangwa kwenye sekunde 40 za kwanza. Mara nyingi ndivyo ilivyo, kwa sababu kila mtu anataka kushtua watu mapema. Mkihamisha mruko mmoja au miwili kuipeleka dakika ya tatu, jaji hatalalamika na mapafu yatashukuru. Halafu tafuteni mahali pa kupumua. Katika kundi la watu wanane daima kuna nane ambazo wengine wako mbele na wewe uko nyuma ukishikilia umbo. Zitumie kwa makusudi: toa hewa yote nje, uiache iingie yenyewe. Wachezaji wengi wanazuia pumzi kwenye stepu ngumu bila kujijua, hasa za kiuno, kwa kuwa tumbo limekazwa. Pumzi iandikwe ndani ya stepu kama mguu unavyoandikwa: toa hewa pale mguu unapotua, toa hewa pale mkono unapopigwa. Ifanye sauti mazoezini, "tsaa", ili mwalimu asikie nani hapumui.

Na dakika ya kwanza icheze kwa kipimo ulichokiamua. Mazoezini cheza shoo ile kwa nguvu tatu tofauti: kama asilimia 70, kama 85, na yote, kisha mtazame video. Utashangaa kwamba 85 kwa mtazamaji inaonekana karibu sawa na yote, mara nyingine safi zaidi kwa sababu mistari ya mikono haijavurugika. Hiyo 85 ndiyo ya dakika ya kwanza.

Turudi kwenye kusahau. Stepu uliyoirudia mara nyingi haikai tena kama orodha unayoisoma kichwani. Mwili unaiendesha wenyewe. Ukiwa na wasiwasi unaanza kuikagua hatua kwa hatua, na ukaguzi huo ndio unaoikata. Jaribu kufikiria kila kidole unapofunga kamba za viatu haraka, utajikwaa mwenyewe. Tafiti za Gabriele Wulf na wengine kuhusu umakini wa wanamichezo zimeonyesha mara kwa mara kwamba mtu anayeelekeza akili nje ya mwili, kwenye matokeo ya mwendo, hufanya vizuri kuliko anayefikiria kiungo chenyewe. Kwako inamaanisha usiwaze "goti juu, kiuno kulia". Waza ngoma ya chini kwenye biti, bega la mwenzako wa mbele, kona ya jukwaa unakoelekea. Kila sehemu ya shoo ipe kitu kimoja cha kushika, kitu unachokiona au kukisikia.

Lakini umakini hautafuta ubovu wa kukariri, na hapa nina wasiwasi na namna mnavyofanya mazoezi. Nakisia: mtu akikosea, mwalimu anazima muziki na mnaanza upya toka mwanzo. Ukifanya hivyo mwezi mzima, dakika ya kwanza imechezwa mara nyingi kuliko dakika ya tatu, na dakika ya pili ndipo mwanzo mnaoujua unapokwisha. Wewe unasema "sikosei", lakini hujui unachokijua vizuri ni kipande gani. Igaweni shoo sehemu 8 hadi 10, kila moja na jina fupi la kwenu, sio namba tu. Andikeni majina kwenye vikaratasi, mtu achomoe kimoja, muziki uwekwe hapo, mwanze hapo. Siku nyingine jifunzeni kutoka mwisho kuja mwanzo. Kwa siku chache mtaona kama mmerudi nyuma, maana mazoezi ya kuchanganya yanaonekana mabaya siku yenyewe na mazuri siku inayofuata. Watafiti Shea na Morgan walilionyesha hilo kwa mienendo ya mikono mwaka 1979 na limethibitishwa mara nyingi baadaye. Na kuanzia wiki ya tatu liwekwe sharti: muziki hauzimwi. Anayekosea anatafuta njia ya kurudi wimbo ukiendelea, kwa sababu jukwaani ndicho atakachohitaji.

Kumbukumbu pia hung'ang'ania mazingira. Mwaka 1975 watafiti Godden na Baddeley waliwafundisha wapiga mbizi orodha za maneno, wengine wakiwa nchi kavu, wengine chini ya maji; kilichosomwa chini ya maji kilikumbukwa vizuri zaidi chini ya maji, na cha nchi kavu nchi kavu. Kama mnafanyia mazoezi kwenye ukumbi uleule, mkiangalia ukuta uleule au kioo kilekile, sehemu ya kumbukumbu yako imeegemea ule ukuta. Geuzeni mwelekeo, mcheze mkiangalia pande zote nne. Funikeni kioo wiki ya tatu. Chezeni kwenye mchanga, kwenye saruji, kwenye mbao kama zipo. Usisahau muziki: spika ndogo ya simu inakupa sauti za juu tu, jukwaani besi inakufunika na ule mlio wa mdundo uliozoea kuufuata huusikii. Walau mara mbili kabla ya siku, fanyeni kwa spika kubwa.

Upande wa woga nao haujaachwa. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani, Rohleder na wenzake, walipima kortisoli, homoni ya msongo, kwa wacheza dansi wa mashindano. Ilipanda sana siku ya shindano kuliko siku ya mazoezi, kupanda huko hakukutokana na jasho la kucheza, na wenye uzoefu wa miaka hawakuwa wamezoea. Waliocheza wawili wawili walipanda kuliko waliocheza kwa kundi. Mimi nachukua mambo mawili hapo. Kwanza, usisubiri siku utakayopanda jukwaani bila kuhisi chochote. Wakongwe wanahisi, wamejifunza kucheza nayo. Pili, kundi linapunguza mzigo, mradi uwe ndani ya kundi kweli. Mazoezini mpeane macho mahali palipopangwa, mara tatu au nne ndani ya shoo.

Wasiwasi wa kutazamwa unazoeleka kwa kipimo kinachopanda: watu watatu wiki ya tatu, kumi wiki ya nne, thelathini wiki ya tano. Mmoja wao akae mbele na karatasi na kalamu, aandike andike, asitabasamu kabisa. Uso wa jaji usiosema kitu unatikisa watu kuliko kelele za uwanja, na wengi wanakutana nao kwa mara ya kwanza siku yenyewe. Kabla ya kuanza, usijiambie "tulia". Katika majaribio ya Alison Wood Brooks ya mwaka 2014, walioambiwa waseme wamesisimka walihutubia vizuri kuliko walioambiwa waseme wametulia. Moyo unaodunda haukubali kuitwa mtulivu, ila unakubali kuitwa tayari. Chagua maneno yako mwenyewe, mafupi, na uyaseme kwa sauti.

Kwa mama, usibishane naye. Akuombee, na Jumanne asubuhi ukimbie.

Siku ya shindano, kula saa mbili hadi tatu kabla: wali au ugali na mboga, mafuta kidogo. Chipsi na kuku wa kukaanga baada ya shoo. Ndizi moja inaweza kufuata kama dakika 45 kabla. Maji kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Kwa joto la Dar jipimeni uzito kabla na baada ya mazoezi, kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Kinywaji cha kuongeza nguvu kisiwe kitu kipya cha siku hiyo, maana kafeini inaongeza mapigo na mtetemo ambao tayari unao.

Ratiba za matamasha yetu hazifuatwi, na hilo linaharibu kupasha mwili moto. Kundi linapasha saa kumi, linaitwa saa kumi na moja na nusu likiwa limepoa. Pasha moto dakika 10 hadi 15, kwa kuruka taratibu, kuzungusha nyonga, kupiga stepu zenu kwa nusu nguvu. Kunyoosha msuli na kuushikilia zaidi ya dakika moja hapo hapo kabla ya kupanda kunapunguza nguvu ya kuruka, kuache mpaka baada ya shoo. Kisha vaeni kitu cha kutunza joto, na mkiambiwa zimebaki shoo mbili mrudie dakika tatu hadi nne. Wakati wa kusubiri, pumua kwa kuingiza hewa kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, dakika mbili au tatu. Usivute pumzi kubwa kubwa za haraka kama wengi wanavyofanya nyuma ya jukwaa. Hiyo inafukuza kaboni dioksidi mwilini, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinafa ganzi, na unaanza shoo ukidhani unaumwa. Ikibaki dakika moja, acha kupumua kwa kuhesabu, ruka ruka sekunde 20, ili mwili usipande jukwaani umelala.

Na ukisahau licha ya yote haya? Andaeni stepu moja ya akiba, rahisi, ya nane moja, inayolingana na biti popote pale wimbo ulipo. Aliyepotea anaingia kwenye hiyo mara moja, anatoa hewa, anamtazama mwenzake aliyekubaliana naye kabla, na anarudi mwanzoni mwa nane inayofuata, si katikati. Wenzake hawamtazami miguuni wala hawacheki. Ifanyieni mazoezi kwa kushtukiza: mwalimu amguse mtu bega katikati ya shoo, huyo aipoteze kwa makusudi na kurudi ndani ya nane mbili. Kila mmoja wenu, pamoja na yule mnayemwona hakosei kamwe.